Siku Mbaya ya Mchezaji wa Kawaida: Hotuba kwa Makundi ya Mashabiki wa Gemu

Hotuba hii imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wanachama, ndugu wasimamizi, na ninyi mliojiunga juzi tu ambao bado mnasoma kanuni: karibuni.

Kundi la mashabiki wa gemu likichafuka, nani kalichafua? Kila mtu ana jibu mkononi. Ni yule mmoja. Kila kundi lina wa kwake. Jina lake linajulikana, maneno yake yanajulikana, na watu wanaamini kwamba siku akitimuliwa amani itarudi. Basi anatimuliwa. Wiki mbili baadaye matusi yako palepale.

Kwa nini?

Kampuni ya Riot Games ilijiuliza swali hilohilo kuhusu League of Legends, gemu iliyotoka 2009. Wanaoijua wanajua kinachowasha moto mle ndani: timu mbili za watu watano watano, mechi inayoweza kupita nusu saa, na mwenzako akivurunda mapema huwezi kumbadilisha, wala huwezi kuondoka bila kuadhibiwa. Umefungwa naye humo mpaka mwisho. Kampuni ikaunda kikosi cha kuchunguza tabia za wachezaji, kikiongozwa na mwanasayansi Jeffrey Lin, nacho kikachambua rekodi za chati, yaani maneno ambayo wachezaji huandikiana mechi ikiendelea. Kikakuta kwamba wale wenye tabia mbaya ya kudumu ni kama asilimia 1 ya wachezaji wote, na kwamba mchango wao katika uchafu wote ni kama asilimia 5 tu. Sehemu kubwa ya uchafu ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa wachezaji wa kawaida waliokuwa na siku mbaya.

Naomba mlisikie vizuri hilo. Hawakuwa wahuni wala watu waliojiunga ili kuvuruga. Walikuwa wachezaji wa kawaida wenye siku mbaya. Ni mimi, ni wewe, ni huyo aliyekaa pembeni yako. Mmoja anatoka kazini amechoka, anapoteza mechi tatu mfululizo, anaandika sentensi moja ya sumu, kisha anakwenda kulala. Kwake ilikuwa sentensi moja. Lakini katika kundi la watu elfu kumi kuna mtu mwenye siku mbaya kila saa, na anayesoma chati anakutana na sumu hiyo kila saa.

Sasa angalieni walichofanya. Hawakutegemea kutimua watu tu. Walizima chati kati ya timu pinzani. Hawakuifuta, waliizima tu, na aliyeitaka aliingia kwenye mipangilio akaiwasha mwenyewe. Walipolinganisha wiki ya kabla na wiki ya baada, maneno mabaya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30, na maneno mazuri yameongezeka kwa karibu asilimia 35. Watu ni walewale na gemu ni ileile. Kilichoongezeka ni hatua moja ndogo kati ya hasira na kitufe.

Hiyo ndiyo kazi yetu: kuongeza hatua ndogo kati ya hasira na kitufe.

Katika Discord, jukwaa la mazungumzo ambako kila kundi huwa na seva yake iliyogawanywa katika chaneli, kuna mpangilio wa kupunguza kasi, unaomlazimu mtu asubiri kabla ya kutuma ujumbe wa pili. Unaanzia sekunde 5 na unaweza kufika saa 6. Ugomvi ukizuka, sekunde 30 zinatosha kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kurusha mistari kumi kabla mwenzake hajasoma wa kwanza. Makosa yanayofanyika hapa ni mawili. La kwanza, msimamizi anausahau, chaneli inakaa siku nne ikiwa na kizuizi cha dakika tano, na mazungumzo mazuri yanakufa pamoja na ugomvi. Uondoeni mara tu moto ukizimika. La pili ni zito zaidi: kizuizi hicho hakiwagusi wasimamizi. Msimamizi akiwa ndiye aliyekasirika, hakuna kinachompunguza kasi. Kwa hiyo msimamizi aliyetukanwa anyamaze, amwite mwenzake.

Na wewe mwanachama wa kawaida? Hasira hasara. Ukipoteza mechi mbili mfululizo, zima chati ya sauti kabla ya kuanza ya tatu. Usiingie kwenye chaneli ya jumla ukitoka tu kwenye mechi iliyokuuma. Fungua kwanza marudio ya mechi, utazame dakika tatu za mwanzo, ndipo uandike. Mara nyingi utakachokiandika kitakuwa swali, hakitakuwa lawama. Na kama mwenzako anakuchefua, zuia sauti yake kimyakimya. Usimtangazie kwamba umemzuia, maana kutangaza ni kurusha jiwe la mwisho, naye atatafuta mtu mwingine wa kumrudishia.

Tuje kwa wageni. Mgeni anaingia na swali ambalo limeulizwa mara mia kuhusu bosi, yaani adui mkubwa wa kumshinda ndipo uendelee: "Nimekwama kwa bosi wa pili, nifanyeje?" Jibu la kwanza: "Futa gemu." La pili: "Tafuta humuhumu, limeshajibiwa." La tatu ni picha ya kuchekesha. Mgeni haandiki tena. Hakuna kanuni iliyovunjwa, hakuna tusi, na kundi limeshampoteza mtu.

Watu hawaingii kwenye gemu kwa sababu moja. Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw walitengeneza MUD, gemu ya maandishi ya wachezaji wengi, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia 1978, aliandika makala mwaka 1996 akiwagawa wachezaji katika aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchunguza, wanaofuata urafiki na mazungumzo, na wanaopenda kuwatawala wengine. Mgawanyo huo una mapungufu yake, lakini katika suala la wageni unasaidia sana. Mtafuta mafanikio anadhani kila anayeuliza anataka njia ya haraka. Mchunguzi anadhani kila jibu la moja kwa moja linaharibu raha. Mpenda urafiki anauliza swali jepesi ili apate mtu wa kuongea naye. Wote wako katika chaneli moja, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa hajui maana ya gemu.

Jibu zuri kwa mgeni lina sehemu chache tu. Muulize anachezea kifaa gani na toleo gani la gemu, kwa sababu bosi aliyebadilishwa katika sasisho la mwezi uliopita hashindwi kwa mbinu ya mwaka jana. Muulize ameshajaribu nini. Kisha mpe dokezo kabla ya jibu: "Tazama mguu wake wa kushoto kabla hajaruka." Kama bado, mpe jibu kamili, lakini lifunike. Katika Discord unaweka mistari miwili ya wima mwanzoni mwa maneno na miwili mwishoni, na anayetaka kuona anabofya. Ukimpa kiungo cha majibu ya zamani, mpe kiungo chenyewe. Usimwambie akatafute. Mgeni njoo mwenyeji apone: kundi lisilojibu maswali ya bosi wa pili litabaki na wakongwe kumi wanaogombana kuhusu bosi wa mwisho.

Kuhusu kuwatobolea wengine hadithi, yaani kuwafichulia kinachotokea kabla hawajafika, wengi hufunika maneno na kuacha mlango wazi. Wanaandika kichwa cha habari chenye jina la mhusika na neno "kifo", halafu wanafunika maelezo. Wanaweka picha isiyofunikwa. Au wanaandika, "Siwezi kusema kinachotokea sura ya saba, ila jiandae kulia." Umeshasema! Aliyefika sura ya sita anacheza akisubiri msiba. Wekeni tarehe, ndugu wasimamizi. "Hadithi ya gemu hii inafunikwa kwa siku 30 tangu itoke, yaani mpaka tarehe fulani," iandikwe juu ya chaneli. Bila tarehe, kila mtu ana kipimo chake, na kila wiki kuna kesi.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote: namna tunavyozungumza na wanaotengeneza gemu tunazozipenda.

Mwezi Mei 2016 ilitangazwa kwamba No Man's Sky, iliyokuwa itoke mwezi uliofuata, imesogezwa mbele hadi Agosti. Sean Murray wa studio ya Hello Games alisema hadharani kwamba alikuwa amepokea vitisho vya kuuawa. Mwandishi wa habari aliyetangulia kuripoti ucheleweshaji huo naye alitishiwa. Kutishiwa kuuawa kwa sababu ya kusubiri wiki chache! Gemu ilipotoka ikiwa pungufu kwa mambo ambayo watu waliamini yangekuwemo, hasira ilikuwa na msingi, tena msingi wa haki. Lakini ilimwagwa vibaya kiasi kwamba mwezi Oktoba msimamizi wa jukwaa kubwa la mashabiki wake huko Reddit alilifunga kwa muda, akisema limegeuka kuwa mahali pa chuki tupu. Studio ikanyamaza, ikafanya kazi, ikatoa sasisho baada ya sasisho bila kudai malipo. Mwaka 2019 mashabiki walichanga fedha wakalipia bango la barabarani karibu na studio hiyo huko Guildford, Uingereza, la kuwashukuru. Mashabiki wa gemu moja, miaka mitatu tu katikati.

Mnauliza, je, tunyamaze tunapouziwa kitu kibovu? La hasha. Nitawapa mfano wa lawama yenye akili. Mwezi Machi 2012 Mass Effect 3 ilitoka, na wengi walichukizwa na mwisho wake, wakisema chaguo tatu za mwisho zinafanana, zinatofautiana rangi tu. Baadhi yao waliwapelekea BioWare, studio iliyoitengeneza, keki ndogo mia nne na kitu, nyekundu, kijani na buluu, na zote zikiwa na ladha ileile moja. Hoja imefika, na hakuna aliyetishwa. Wengine walichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalosaidia watoto walio hospitalini, ingawa shirika lenyewe baadaye liliomba mchango huo usimamishwe, kwa kuwa baadhi ya wachangiaji walidhani fedha zinakwenda kulipia mwisho mpya. Mwezi Juni mwaka huohuo studio ilitoa mwisho uliopanuliwa, bure.

Na kuna mstari mmoja ambao hauvukwi. Mwaka 2020, baada ya The Last of Us Part II kutoka, mwigizaji Laura Bailey alitishiwa kuuawa kwa sababu ya matendo ya mhusika aliyempa sauti. Mhusika hayupo, mwigizaji yupo. Mkiona mtu katika kundi lenu anachanganya hao wawili, msisubiri awe ameandika mara tatu.

Kulalamika kwa manufaa kuna utaratibu wake, na watengenezaji wanaufahamu. Hitilafu ikitokea, andika kifaa, mfumo endeshi, na namba kamili ya toleo la gemu, si "toleo jipya". Andika hatua ulizofanya kwa mpangilio, moja kwa mstari. Andika ulichotarajia na kilichotokea. Andika imetokea mara ngapi kati ya mara ngapi: "mara 4 kati ya majaribio 5" ina thamani kuliko kurasa mbili za hasira, kwa sababu fundi asiyeweza kuirudia hitilafu hawezi kuirekebisha. Weka video fupi. Taja kama una marekebisho yaliyotengenezwa na mashabiki ndani ya gemu yako, na ujaribu kwanza bila hayo, maana mara nyingi kosa liko humo. Malalamiko mengine, ya bei, ya hadithi, ya uwiano wa silaha, tenganisheni katika machapisho tofauti. Ukiyachanganya, atakayesoma atajibu lile jepesi na kuliacha zito.

Ndugu zangu, vipi kuhusu kutuhumiana? Mtu kashinda kwa namna isiyoaminika. Ndani ya dakika kumi jina lake limezagaa, na watu mia wanamfuata kwenye akaunti zake.

Desemba 2020 wahakiki wa rekodi za kumaliza Minecraft kwa kasi walimtilia shaka mchezaji mashuhuri anayejulikana kama Dream. Walifanya nini? Walichukua matangazo yake ya moja kwa moja na kuhesabu. Kwa kanuni za toleo lile, kila ukibadilishana dhahabu na viumbe waitwao piglin, nafasi ya kupata lulu unazozihitaji ni chini ya asilimia 5. Katika mabadilishano 262 zilitarajiwa kutoka kama mara 12. Zilitoka mara 42. Viumbe waitwao blaze walikuwa waangushe fimbo nusu ya mara wanapouawa; kati ya 305 fimbo zilianguka 211. Waliandika ripoti ya kurasa 29, na humo wakampunguzia mtuhumiwa kila pale ambapo hesabu ingeweza kumwonea. Wakaiweka wazi ili yeyote aikague. Alikanusha, akaleta hesabu za upande wake. Mei 2021 alikiri kwamba gemu yake ilikuwa na marekebisho yaliyobadilisha nafasi hizo, akisema hakujua wakati ule.

Haikuwa lazima mtu aandamwe nyumbani kwake ili ukweli ujulikane. Ilihitajika kuhesabu, kwa subira. Basi ukishuku udanganyifu, hifadhi video nzima ya mechi, si kipande cha sekunde nane, kwa sababu kipande huficha kilichotangulia. Andika namba ya mechi na saa. Ripoti ndani ya gemu, kisha wape wasimamizi faraghani. Usiandike jina katika chaneli ya wote. Majina ya wachezaji yanafanana; herufi moja ikikosewa, watu mia wanamvamia mtu mwingine kabisa.

Kumvamia mtu mwingine kabisa kumewahi kuua. Tarehe 28 Desemba 2017, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, palitokea kifo kilichoanzia kwenye ugomvi wa wachezaji wawili wa Call of Duty: WWII kuhusu dau la dola 1.50. Mmoja alimpa mwenzake anwani ambayo yeye hakuwa akiishi tena, akimwambia athubutu. Mwenzake akamtafuta mtu wa tatu, na huyo akapiga simu ya uongo kwa polisi kwamba kuna mauaji na mateka katika nyumba ile. Polisi wakaizingira. Aliyetoka mlangoni alikuwa kijana wa miaka 28, baba wa watoto wawili, asiyecheza mechi ile na asiyewajua wale watu. Alipigwa risasi, akafa. Mpiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019.

Kwa hiyo anwani, namba ya simu, shule au mahali pa kazi pa mtu vikibandikwa katika kundi, hata kwa utani, hata kama "ni za zamani", fanyeni hivi. Usijibu, usinukuu, kunukuu ni kuandika mara ya pili. Mwite msimamizi. Msimamizi apige picha ya skrini, achukue kiungo cha ujumbe, auripoti kwa kampuni inayoendesha jukwaa, kisha ndipo aufute. Mpangilio huo ni muhimu: ukifuta kwanza, kampuni inaweza kukosa cha kukagua. Halafu kuna mahali ambapo wasimamizi wengi hujisahau. Kama seva ina boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, inayohifadhi ujumbe uliofutwa, anwani ile imenakiliwa kwenye chaneli ya kumbukumbu. Nendeni mkaifute na huko. Mwisho, mjulisheni mhusika waziwazi: nini kiliandikwa, kilikaa dakika ngapi, nani anaweza kuwa amekiona. Asije akasikia kwa wengine.

Nimalizie na ninyi wasimamizi, ambao mnafanya kazi hii bila malipo na usiku.

Riot walipowafungia wachezaji bila kuwaeleza sababu, karibu nusu walijirekebisha. Walipowaeleza sababu, wakafika kama asilimia 65. Walipowaonyesha na maneno yao wenyewe kutoka kwenye chati, kama asilimia 70. Kumbukeni tulikoanzia: wengi wa hawa ni watu wenye siku mbaya. Mtu huyo hakumbuki alichoandika. Akikuta amefungiwa na neno "tabia mbaya", anaamini ameonewa, na anarudi na akaunti mpya akiwa na kisasi.

Basi ujumbe wa adhabu uwe na mambo manne: maneno yake kama alivyoyaandika, pamoja na tarehe na saa, namba ya kanuni aliyovunja, urefu wa adhabu, na njia ya kukata rufaa. Kwa kosa la kwanza la maneno, saa 24 za kunyamazishwa zinatosha. Discord inaruhusu kumnyamazisha mtu hadi siku 28, lakini siku 28 kwa sentensi moja ni kumtimua bila kusema. Vitisho na kufichua taarifa za mtu havina kosa la kwanza. Huyo anaondoka siku hiyohiyo.

Na kanuni zenu ziandikwe upya. "Kuwa mstaarabu" haiwezi kutekelezwa, kwa sababu kila mtu anajiona mstaarabu. "Usimwambie mtu afute gemu, aache kucheza, au ajidhuru" inaweza kutekelezwa. "Pinga hoja, usitaje kiwango cha mchezaji" inaweza kutekelezwa. Saba zinatosha. Zikifika ishirini hakuna anayezisoma, na msimamizi mwenyewe atazisahau.

Rufaa asikilize msimamizi mwingine, si yule aliyetoa adhabu. Mkiwa wawili tu katika kundi, ongezeni wa tatu wiki hii, na mmchague kutoka kwa wale wanaojibu maswali ya wageni.